Nani Alishika Kalenda? Egzame ya Kuingia Sheria, Tangu Kisantu Mpaka Kamalondo



Kila mwaka, matokeo ya Egzame ya Leta yakitoka, Kamalondo yote inakuwa nyeupe juu ya poda. Watoto wanamwagiana poda kichwani, wanaimba mpaka usiku, mama anachinja kuku. Wiki mbili kisha, poda imeoshwa, njo wanaanza kufika kwangu mmoja-mmoja, wale wanaotaka kusoma sheria. Swali lao ni lile lile: testi ya kuingia inakaribia, nisome saa ngapi kwa siku? Mimi ni agronome, sikukaa hata siku moja kwenye kalasi ya sheria. Lakini kwa kartie wanajua kama napendaka kalenda. Na mimi, kabla ya kuwajibu habari ya masaa, nawaambiaka kwanza habari ya mtu mmoja wa Lisala, juu egzame ya kuingia sheria ina historia katika inchi hii, na historia yenyewe ni ya wakati: nani alikuwa na wakati, na nani alimpangia mwingine.

Tarehe 30 Juni 1960, siku ya uhuru, Wakongomani waliomaliza chuo kikuu walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Hesabu inayotajwaka sana ni watu 16, wengine wanapandisha kidogo. Mapadri walikuwa mamia, makarani maelfu, wasaidizi wa waganga walikuwepo. Avoka Mukongomani hakukuwa. Juji Mukongomani wa tribinali kubwa hakukuwa. Wengine wanasemaka eti ni juu watu wetu walikuwa hawajafika kiwango. Hapana. Kwa sehemu kubwa ya wakati ule wa ukoloni, sheria haikuwekwa mbele ya mtoto mweusi kama kitu cha kusoma. Alipewa uganga, lakini wa kusaidia. Alipewa ukarani. Alipewa ualimu na upadri.

Na alipewa kilimo. Hapa inanigusa mimi mwenyewe. Kule Kisantu, Bas-Congo, chuo kikuu cha Leuven pamoja na Wajezuiti walifungua masomo ya uganga katika miaka ya 1920, kisha mwaka 1932 masomo ya kilimo, yale yaliyoitwa Cadulac. Kazi yangu mimi ilikuwa na mlango mapema, hata kama ulikuwa mlango wa kutoka na jina la msaidizi tu. Nafikiri sababu si ngumu kuona. Mtu anayejua kupanda pamba anamfaa mkoloni. Mtu anayejua kusoma amri ya tarehe 1 Julai 1885, ile ya Leopold II iliyosema ardhi isiyo na mtu ni mali ya Leta, huyo anaweza kuuliza: isiyo na mtu kwa macho ya nani? Shamba lililopumzishwa miaka kumi ili udongo urudie nguvu, agronome anajua kama lina mwenyewe. Karatasi ya Leta ilisema ni tupu. Tulifundishwa kulima bila kufundishwa kuuliza habari ya karatasi.

Sasa yule mtu wa Lisala. Marcel Lihau alizaliwa mwaka 1931, alisoma seminari ya Bolongo, kisha akaenda Kisantu kwenye sehemu ya masomo ya utawala. Huko akakutana na mwalimu mmoja, Mjezuiti, mwanasosiolojia, jina lake Willy De Craemer. De Craemer alikata shauri kama huyu kijana ataenda Leuven kusoma sheria. Shida: mlango wa sheria Ubelgiji ulifunguliwa kwa mtu aliyemaliza miaka sita ya sekondari yenye Kilatini na Kigiriki cha zamani. Asiye na karatasi hiyo alipaswa kupita mbele ya Jury Central, jopo la Leta ya Ubelgiji lililopima watu wasio na diplome inayotambuliwa.

Muangalie vizuri egzame yenyewe ilikuwa nini. Haikuuliza sheria. De Craemer na wenzake walimfundisha Lihau Kilatini, Kigiriki na Kiflamani. Yaani mtu wa Lisala, mwenye lugha zake za nyumbani, mwenye Kifaransa alichopata shuleni, anaingia mbele ya jopo na lugha tatu zingine, na hakuna hata moja kati yake atakayotumia kumtetea mtu Kinshasa ao Elisabethville. Kilatini, aliyepita seminari hakikuwa kigeni kwake. Kigiriki ni habari nyingine: alfabeti nyingine, vitenzi vinavyobadilika mpaka kichwa kinazunguka. Na Kiflamani kilikuwa ugomvi wa Wabelgiji wao kwa wao, ugomvi uliokuja kukata kile chuo cha Leuven vipande viwili mwaka 1968. Mkongomani alilipishwa deni la nyumba isiyo yake.

Lihau alipita. Akaingia Leuven, akawa mmoja wa Wakongomani wa kwanza kabisa kusoma sheria.

Sina mbele yangu ratiba yake, na sitaiunda hapa. Lakini umbo la kazi linaonekana, na agronome yeyote anaweza kulitambua. Ni kuhesabu kwa kurudi nyuma. Kwetu Katanga mvua inaanza kushika Novemba, inakata Aprili. Mahindi ya siku 120 ukiyapanda katikati ya Januari, mvua itayaacha njiani na punje hazijajaa. Hauanzi kuhesabu siku uliyo na nguvu ya kulima, unaanza siku mvua inakata, unarudi nyuma. Vile vile na jopo: tarehe yake haisogei. Unauliza nini tayari iko ndani ya ghala (Kilatini), nini haipo hata kidogo (Kigiriki), nani anaweza kukifundisha, na wiki zilizobaki ni ngapi. Wingi wa wakati unakwenda kule kusikokuwa na kitu, si kule mtu anakojisikia vizuri. Watu wanapotezaka testi hapa: mtoto anapenda historia, basi anasoma historia mwezi mzima, na insha ya Kifaransa anaiachia siku tatu za mwisho.

Mwaka huu nilikaa na mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, tukafanya hesabu kwenye mgongo wa kalenda ya butiki. Alikuwa na wiki 12. Yeye alisema atasoma saa 6 kwa siku. Nikamuuliza: kwa kartie gani? Kamalondo kuna baa inapiga muziki mpaka usiku wa manane, siku ya mechi kubwa kelele ya stade ya Mazembe inaingia mpaka ndani ya sufuria, kuna matanga, kuna maji ya kuteka, kuna delestaji. Tukaandika saa 2 kwa siku, siku 6 kwa wiki: saa 144. Kisha nikakata moja ya tatu juu ya umeme na matanga. Ikabaki 96. Alinuna, juu 96 ni kidogo. Lakini ni 96 za kweli. Saa 48 tukapeleka kwa Kifaransa, kusoma maandishi magumu na kuandika, juu njo pale alikuwa mweupe. Saa 30 kwa Katiba, taasisi za inchi na habari za dunia. Saa 18 kwa lojiki. Na tukachagua alfajiri, saa kumi na moja, wakati baa imelala.

Alikuwa na kitu kimoja ambacho hakuna ratiba inayoweza kukileta: dada mmoja wa avenue ya nyuma, anayemaliza sheria, alikubali kumsahihishia insha kila Jumamosi. Lihau hakushinda jopo peke yake chumbani. Alikuwa na walimu waliokaa naye kwa lugha tatu. Sisi tunapendaka hadithi ya mtu mmoja na mshumaa wake, na hadithi hiyo inatudanganya mingi.

Kidogo juu ya De Craemer, kwa wana-Katanga. Ni yeye yule aliyeandika baadaye kitabu kuhusu Jamaa, ule mwendo wa Wakatoliki uliozaliwa kwetu Katanga kwa mafundisho ya Padri Placide Tempels. Kitabu kilitoka mwaka 1977. Wazee wetu wengi walipita katika Jamaa. Hivi jina lake halikuwa mbali na parsele zetu, hata kama watu hawalijui.

Turudi kwa kalenda. Wakati ule ule wa miaka ya 1950, kulikuwa na kalenda nyingine, kubwa, ya inchi nzima. Mwishoni mwa 1955 profesa Mbelgiji, Jef Van Bilsen, alitoa mpango wa miaka 30 wa kuandaa Kongo kwa uhuru. Miaka 30! Kwa hesabu hiyo uhuru ungefika karibu na 1985. Na usicheke upesi: Wabelgiji wengi walimkasirikia, kwao alikuwa anakimbia kupita kiasi. Hoja yake ilikuwa hii hasa, kama hakuna wasomi, na wasomi wanaombaka wakati. Mwaka 1956 kundi la Conscience Africaine likapokea wazo la miaka 30 katika manifesto yao, na Abako ya Kasa-Vubu ikajibu kama haitaki kungojea, inataka uhuru sasa. Mimi Van Bilsen simuoni kama mtu mbaya. Lakini kuna kitu kinaniuma katika hoja yenyewe: wale waliofunga mlango wa sheria kwa miaka mingi wanasema sasa mungojee, juu hamuna wanasheria.

Hapa mjini mambo yalikuwa yale yale kwa udogo. Kamalondo wakati ule iliitwa Komine Albert, ng'ambo ya mji wa Wazungu, na usiku mtu mweusi hakutembea kule kwa Wazungu bila karatasi. Mwaka 1956 chuo kikuu cha Leta kilifunguliwa Elisabethville, njo Unilu ya leo. Kijana wa Komine Albert aliyetaka kitabu, kitabu kilikuwa upande mmoja, kitanda chake upande mwingine, na katikati kuna saa ya kufunga njia. Hata saa ya jioni haikuwa yake.

Kwa majirani zetu wa Kiswahili haikuwa tofauti sana. Chini ya Waingereza, Makerere ilifundisha uganga, ualimu, kilimo, lakini aliyetaka uavoka alipaswa kupanda meli kwenda London, na baba mwenye pesa hiyo alikuwa adimu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru wa Tanganyika, kilianza na fakulte moja tu, na fakulte hiyo ilikuwa sheria. Wanafunzi hawakufika 15, wakisomea katika jengo la TANU, kwenye barabara inayobeba leo jina la Lumumba. Wale walijua pengo liko wapi, wakapanda pale kwanza.

Sisi, uhuru ulitukuta wanafunzi wakiwa katikati ya masomo. Septemba 1960 Mobutu alisimamisha wanasiasa na kuita vijana wa vyuo vikuu waongoze inchi, kile kilichoitwa Baraza la Makomisa Wakuu. Kwenye Haki akawekwa Lihau, na msaidizi wake Étienne Tshisekedi, aliyekuwa anasoma sheria Lovanium. Fikirieni: Wizara ya Haki ya inchi hii kubwa mikononi mwa watu wawili ambao egzame zao hazijakwisha. Van Bilsen angeweza kusema: niliwaambia. Abako wangeweza kusema: nani aliwachelewesha?

Baadaye wote wawili walirudi kwenye vitabu. Tshisekedi alipata doktora ya sheria Lovanium mwaka 1961, wa kwanza kati ya Wakongomani pale. Lihau alirudi Leuven kumaliza, na mwaka 1963 akawa mkuu wa fakulte ya sheria ya Lovanium. Sasa ni yeye aliyepima wanaoingia. Alikuwa katibu wa tume iliyoandika Katiba ya Luluabourg, ile iliyopita kwa kura ya watu mwaka 1964. Mwaka 1968 akawa Raisi wa Kwanza wa Korti Kuu ya Haki.

Alikaa pale miaka saba. Mwaka 1975 kulikuwa na wanafunzi walioandamana, na adhabu kali iliyotakiwa iwapige. Lihau akakataa kuitekeleza. Mobutu akamfukuza kazi, akafungiwa nyumbani kwake.