Msamaha, kibali au uraia? Mjadala wa majirani wasio na kipande

Kila mara serikali inapotangaza kuwapa vitambulisho watu walioishi nchini bila makaratasi, barazani kwetu hugawanyika. Wako wanaosema ni haki iliyochelewa. Wako wanaosema tunamfungulia mlango kila anayevuka mpaka kwa mashua au kwa pikipiki. Nimewasikiliza wote kwa miaka, na nimeona kwamba aghalabu hawazungumzii jambo moja. Huyu anasema msamaha, yule anasikia uraia. Makala haya yanaeleza maneno yenyewe, historia ya jambo hili hapa Pwani na sheria inavyosema. Msimamo wangu pia nitautoa, na msomaji atapima.

Mambo matatu yasiyofanana

La kwanza ni msamaha. Huu ni uamuzi wa serikali kuacha kumshtaki au kumtoza faini mtu aliyeingia au kukaa nchini kinyume cha sheria. Familia nyingi za Pwani zinaujua kupitia vijana wetu walioko Ghuba. Falme za Kiarabu zilitangaza msamaha wa aina hiyo tarehe 1 Septemba 2024, ukaongezwa muda hadi 31 Desemba mwaka huo. Aliyepitwa na viza alipewa nafasi ya kuchagua: atafute mwajiri na kurekebisha karatasi zake, au arudi kwao bila faini na bila kupigwa marufuku ya kurudi. Hakuna aliyepewa uraia. Aliyebaki alibaki mgeni, ila mgeni halali.

La pili ni kibali, yaani hadhi ya kisheria ya kuishi na kufanya kazi. Mwenye kibali haogopi polisi, lakini hapigi kura, na kibali kina tarehe ya kuisha.

La tatu ni uraia. Huu unarithisha. Mtoto anayezaliwa baada ya mzazi kuwa raia wa Kenya ni raia wa kuzaliwa, popote atakapozaliwa.

Ukiyachanganya haya matatu, mjadala unapotea. Mtu aliyeingia mwaka jana kutafuta kibarua na mzee aliyezaliwa Msambweni mwaka 1958 wote hawana kipande, lakini hawadai kitu kimoja. Na msamaha huombwa na aliyekosa. Aliyezaliwa hapa, kwa wazazi walioletwa hapa, kosa lake ni lipi?

Walivyofika

Chukua Wamakonde. Asili yao ni kaskazini mwa Msumbiji. Wakati wa ukoloni wengi walifika kama vibarua wa mashamba ya mkonge na ya miwa, Ramisi huko Kwale, Vipingo huko Kilifi na Taita Taveta. Wengine walikimbia vita vya ukombozi wa kwao. Watoto wao walizaliwa hapa, wajukuu wakasoma hapa, na Kiswahili ndiyo lugha ya nyumbani. Karatasi hawakuwa nazo.

Wapemba kisa chao kinatugusa zaidi, kwa sababu ni vigumu kupata mtaa wa Waswahili kutoka Vanga hadi Malindi usiokuwa na mjomba au shangazi wa asili ya Pemba. Walikuja wakifuata samaki na pepo za misimu, kisha wakaoa na kuolewa. Wengine walifika baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964. Na Januari 2001, baada ya mauaji yaliyofuatia maandamano ya Zanzibar, zaidi ya watu 2,000 walivuka hadi Shimoni kama wakimbizi.

Kuna jambo la kisheria ambalo wenzetu wa bara mara nyingi hawalijui. Kabla ya Desemba 1963, ukanda wa maili kumi wa mwambao haukuwa sehemu ya Koloni la Kenya. Ulikuwa nchi ya Sultani wa Zanzibar chini ya ulinzi wa Mwingereza. Makubaliano ya kuuunganisha na Kenya yalifikiwa Oktoba 1963, baina ya serikali ya Jomo Kenyatta na ile ya Zanzibar iliyoongozwa na Muhammad Shamte. Kwa hivyo mvuvi aliyetoka Wete mwaka 1950 akajenga Wasini alihama kutoka sehemu moja ya milki ya Sultani hadi sehemu nyingine ya milki hiyo hiyo. Yeye hakuvuka mpaka wa mataifa mawili. Mpaka ndio uliokuja ukampita pale alipokaa.

Katiba ya uhuru ilimpa uraia moja kwa moja mtu aliyezaliwa Kenya, akiwa chini ya himaya ya Mwingereza, ambaye angalau mzazi wake mmoja alizaliwa Kenya pia. Wengine waliokuwa na haki walitakiwa kujiandikisha ndani ya miaka miwili, hadi Desemba 1965. Fikiria mkata mkonge asiyejua kusoma, au mvuvi wa kambini, angejuaje kwamba kuna fomu Nairobi inayomsubiri? Muda ulipita, na wajukuu wakalipa.

Maisha bila kipande

Bila kitambulisho huwezi kusajili laini ya simu kwa jina lako, na bila laini huna M-Pesa. Huwezi kufungua akaunti ya benki. Mvuvi hapati leseni, na akisimamishwa na maafisa baharini hana la kusema. Kijana aliyefaulu shule anakwama pale karatasi za wazazi zinapotakiwa. Ardhi inanunuliwa kwa jina la rafiki, na rafiki akifariki watoto wake hawakujui. Na juu ya yote hayo kuna kifungu cha 53 cha Sheria ya Uraia na Uhamiaji: kuwepo nchini kinyume cha sheria kunaweza kukutoza faini hadi shilingi 500,000, kifungo hadi miaka mitatu, au vyote viwili.

Mlango uliofunguliwa, ukafungwa

Katiba ya 2010 inasema aliyeishi nchini kihalali kwa miaka saba mfululizo anaweza kuomba uraia kwa kuandikishwa. Neno zito hapo ni "kihalali". Mtu aliyeishi Mayungu miaka hamsini bila kibali hata siku moja hafaidiki nalo.

Kwa ajili yake, Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 iliweka vifungu vitatu. Kifungu cha 15 kilihusu watu wasio na uraia wa nchi yoyote walioishi Kenya tangu 12 Desemba 1963. Cha 16 kilihusu waliohamia kwa hiari kabla ya tarehe hiyo na wasio na pasipoti ya nchi nyingine. Cha 17 kilihusu vizazi vyao. Masharti yalikuwapo: kujua Kiswahili au lugha ya wenyeji, kutowahi kufungwa miaka mitatu au zaidi, na kukusudia kuishi hapa daima.

Lakini nafasi hiyo iliwekewa miaka mitano, kuanzia Agosti 2011. Iliongezwa mitatu, ikaisha Agosti 2019.

Ndani ya muda huo ni nini kilifanyika? Wamakonde walingoja hadi Oktoba 2016, ambapo mamia yao waliondoka Kwale wakatembea kuelekea Ikulu ya Nairobi. Rais Uhuru Kenyatta aliwapokea, akaagiza wapewe vitambulisho kabla ya mwaka kuisha. Februari 2017 alikwenda Kwale kuwakabidhi, na wakahesabiwa kuwa kabila la 43. Desemba 2020 yakatangazwa majina ya Washona na watu wa asili ya Rwanda. Wapemba walipeleka ombi lao Bunge la Kitaifa, wakatambuliwa rasmi mwaka 2023, na Julai mwaka huo Rais William Ruto akawakabidhi vitambulisho huko Kilifi.

Ni hatua kubwa, na mwenye haki ashukuriwe kwa alilotenda. Lakini tazama namna ilivyofanyika: maandamano, Ikulu, hotuba, picha. Jamii yenye sauti ilipata. Familia moja moja isiyo na chama wala mwanasheria haikupata. Aliyekuwa baharini au hospitalini siku ya kuandikishwa, leo anaambiwa muda umekwisha.

Hoja za wanaopinga

Si haki kuwaita wanaopinga wabaguzi. Hoja zao nne zina uzito.

Ya kwanza ni usalama. Nchi iliyopitia Westgate, Mpeketoni na Chuo Kikuu cha Garissa ina haki ya kumjua anayeishi ndani yake. Lakini asiyeandikwa popote ndiye asiyejulikana. Aliyetoa alama za vidole, picha na majina ya wazee wake anajulikana. Na uraia wa kuandikishwa una kufuli: Katiba inaruhusu uondolewe ikigunduliwa ulipatikana kwa udanganyifu.

Ya pili ni ardhi na kura. Mpwani ambaye babu yake ameishi kama skwota juu ya ardhi ya mababu ana sababu ya kuuliza kwa nini mwingine atambuliwe kwanza. Pia si siri kwamba vitambulisho hukumbukwa uchaguzi unapokaribia. Tiba yake ni kutoa hatimiliki kwa maskwota, na kuuweka usajili katika ofisi inayofanya kazi mwaka mzima, si katika misafara ya wanasiasa.

Ya tatu ni machungu yetu wenyewe. Vijana wa Kiswahili, wa Kibajuni, wenye asili ya Kiarabu na wa Kisomali wamehojiwa kwenye vetingi kwa miaka, wakitakiwa kuleta hati za babu, huku jirani yao wa jina tofauti akipata kipande kwa wiki chache. Februari 2025 Rais Ruto alitangaza kuondoa vetingi hiyo kwa watu wa kaunti za mipakani. Machungu haya ni ya kweli, lakini aliyewahi kuulizwa "babu yako alizaliwa wapi?" ndiye angepaswa kumwelewa upesi Mmakonde aliyeulizwa hivyo hivyo.

Ya nne ndiyo nzito kuliko zote: ukisamehe leo, kesho watakuja wengine wakingoja msamaha. Marekani ndiyo mfano unaotajwa. Mwaka 1986 Rais Ronald Reagan alitia saini sheria iliyowahalalisha watu wapatao milioni 2.7, wengi wao walioingia kabla ya 1 Januari 1982 pamoja na wafanyakazi wa mashamba. Kufikia 2007, waliokaa bila karatasi walikadiriwa kuzidi milioni 12. Wapinzani husema huo ni ushahidi wa kutosha.

Mimi nauona ushahidi huo vingine. Sheria ile ilikuwa na sehemu tatu: kuhalalisha waliopo, kuwaadhibu waajiri wanaoajiri wasio na karatasi, na kulinda mpaka. Ya kwanza ilitekelezwa, lakini ya waajiri ililegea, na haikuwekwa njia halali ya kutosha kwa vibarua ambao mashamba na hoteli ziliendelea kuwahitaji. Waliokosa tarehe kwa miezi, pamoja na wake na watoto wengi wa waliohalalishwa, waliachwa nje. Kuhalalisha peke yake, bila njia ya kudumu kwa wanaofuata, huzaa foleni mpya.

Kinachohitajika

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu. Kwa aliyeingia juzi kutafuta riziki, uraia si jibu. Apewe kibali chenye ada anayoweza kulipa, ajulikane na asinyonywe, na sheria ifuatwe akikataa kujiandikisha. Kwa aliyekuwa hapa tangu 1963, na kwa aliyezaliwa na waliokuwa hapa, tusiliite jambo lake msamaha. Ni deni.

Deni halilipwi kwa ziara ya Rais. Bunge livifungue tena vifungu vya 15, 16 na 17, na safari hii bila tarehe ya mwisho, kwa sababu haki ya mtu haipaswi kuisha kama tiketi ya feri. Masharti yabaki yale yale: tarehe, ushahidi, kiapo. Maombi yapokelewe katika ofisi za kaunti ndogo, anayekataliwa apewe sababu kwa maandishi, na awe na pa kukata rufaa. Wabunge wetu wa Pwani, wa vyama vyote, waulizwe hili kabla ya kuulizwa habari za barabara.

La kufanya sasa

Kwa familia ambayo bado iko gizani, kuna mambo ambayo hayahitaji kungoja Bunge. Sheria inataka kila mtoto anayezaliwa Kenya asajiliwe, hata kama wazazi si raia, basi cheti cha kuzaliwa kitafutwe mapema. Kadi za kliniki, ripoti za shule, barua za mwajiri wa zamani wa shambani, karatasi za nikaha na risiti za maiko ya samaki zihifadhiwe. Ushahidi wa wazee waliokujua tangu utotoni uandikwe na kuapishwa mbele ya wakili wangali hai, maana mzee akizikwa, ushahidi huzikwa naye.

Na kamwe usinunue kipande cha mgongoni. Anayekuuzia anakuuzia kesi, na siku haki yako halisi ikifika, karatasi ile ya uongo ndiyo itakayokuzuia mlangoni.