Karel Gut: Beki aliyeikosa dhahabu akicheza, akaipata akiwa kocha

Ukimtaja Jaromír Jágr au Dominik Hašek, hata mtu asiyefuatilia hoki ya barafuni anaweza kukwambia "hilo jina nimelisikia". Ukimtaja Karel Gut, wengi watatulia kimya. Lakini kabla ya Jamhuri ya Czech kuwa tishio kwenye mchezo huo, jamaa huyu alikuwa ameshafanya kazi kwa miaka zaidi ya 40: beki, kocha, kisha rais wa shirikisho.

Huyu hapa kwa ufupi.

Alianza wakati mgumu

Gut alizaliwa Septemba 16, 1927 huko Uhříněves, pembezoni mwa Prague. Alipokuwa kijana, Chekoslovakia ilikuwa juu: bingwa wa dunia 1947 na 1949.

Halafu ikaja Machi 1950. Timu ilitakiwa kwenda London kutetea ubingwa, lakini serikali ya kikomunisti ikaizuia kusafiri, ikihofia wachezaji wangetorokea huko. Siku mbili baadaye walikamatwa. Mahakama ikawahukumu kwa uhaini, na kipa Bohumil Modrý akapewa miaka 15.

Kikosi cha mabingwa kikawa kimesambaratika. Nafasi zao zikajazwa na vijana, Gut akiwa mmoja wao.

Beki bora, bila dhahabu

Kwenye hoki kila timu ina watu sita uwanjani, kipa akiwemo, na mabeki kwa kawaida ni wawili tu. Ukiteleza kidogo, umeacha mlango wazi.

Gut alicheza Olimpiki ya 1952 mjini Oslo. Chekoslovakia na Sweden zililingana pointi, zikacheza mechi ya kuamua nani apate shaba, Sweden ikashinda 5-3. Alirudi Olimpiki ya 1956 na ya 1960.

Mwaka 1955 alichaguliwa beki bora wa mashindano ya dunia, na nchi yake ikachukua shaba. Dhahabu? Hakuwahi kuipata akiwa mchezaji.

Kocha: medali kila mwaka

Mwaka 1960 Gut alikuwa timu moja na Jan Starší. Miaka ya 1970 wawili hao wakakabidhiwa timu ya taifa pamoja.

Kazi haikuwa ndogo. Mpinzani mkubwa alikuwa Muungano wa Kisovieti, ambao mwaka 1968 uliongoza majeshi yaliyoivamia Chekoslovakia. Kwa mashabiki wa Prague, mechi dhidi ya Wasovieti haikuwa mchezo tu.

Tazama matokeo yao kwenye mashindano ya dunia:

- 1974: fedha
- 1975: fedha
- 1976 (Katowice): dhahabu
- 1977 (Vienna): dhahabu
- 1978: fedha
- 1979: fedha

Ile ya 1977 ilikuwa mara ya kwanza kwa Chekoslovakia kutetea ubingwa wa dunia kwa mafanikio.

1976: Mwaka wa kucheka na kulia

Februari, kwenye Olimpiki ya Innsbruck, mafua yaliwaandama wachezaji. Nahodha František Pospíšil akakutwa na kodeini, na ushindi dhidi ya Poland ukafutwa. Pamoja na hayo, waliingia mechi ya mwisho na Wasovieti wakiwa bado na nafasi ya dhahabu. Wakafungwa 4-3.

Miezi miwili baadaye wakajibu kwa dhahabu ya Katowice.

Septemba wakaenda Kombe la Canada, mashindano ambayo wenyeji walileta mastaa wao wa kulipwa. Katika hatua ya makundi, kipa Vladimír Dzurilla, mwenye miaka 34, alizuia kila kitu. Milan Nový akafunga, Chekoslovakia ikashinda 1-0.

Fainali ikawa hadithi nyingine. Mechi ya kwanza Canada ilishinda 6-0. Ya pili ilikwenda dakika za nyongeza. Benchi la Canada lilikuwa limeshagundua kwamba Dzurilla hutoka mbali kuziba pembe. Darryl Sittler akajifanya anapiga, akasubiri kipa atoke, akampita na kufunga. 5-4, mchezo umekwisha.

Ofisini, dhahabu nyingine

Baadaye Gut alifundisha Ujerumani Magharibi. Nchi ilipogawanyika mwaka 1993, hoki ya Czech ilihitaji kujipanga upya, na 1994 akawa rais wa shirikisho. Alikaa hadi 2004.

Matunda yalionekana Nagano 1998, Olimpiki ya kwanza iliyofunguliwa kikamilifu kwa mastaa wa ligi ya NHL. Czech iliitoa Canada kwa penalti kwenye nusu fainali, kisha ikaipiga Urusi 1-0. Kocha alikuwa Ivan Hlinka, aliyekuwa mshambuliaji wa Gut kwenye vikosi vya dhahabu vya 1976 na 1977.

Mwaka huohuo Gut aliingizwa kwenye Ukumbi wa Heshima wa shirikisho la hoki duniani. Alifariki Januari 6, 2014 akiwa na miaka 86.

Na lile bao pekee la fainali ya Nagano? Alilifunga Petr Svoboda. Naye ni beki.