Mshika Kibendera wa Molineux

Tarehe 22 Januari 2011, katika uwanja wa Molineux, Liverpool iliifunga Wolverhampton Wanderers mabao 3 kwa 0. Mmoja wa washika vibendera alikuwa Sian Massey, mwenye umri wa miaka 25. Kabla ya mchezo, watangazaji wawili wa Sky Sports, Richard Keys na Andy Gray, wakidhani kwamba sauti zao hazirushwi hewani, walimdhihaki kuwa wanawake hawaijui sheria ya kuotea. Bao la kwanza likawasuta. Raul Meireles alipopenyezewa mpira na kumpasia Fernando Torres, Massey hakuinua kibendera. Picha zilizorudiwa zikathibitisha kuwa Meireles hakuwa ameotea.

Dhihaka hiyo haikuwa na hata udhuru wa ugeni, kwani Wendy Toms alikuwa amekwisha kushika kibendera katika ligi hiyo tangu 1997. (Wala Kiswahili, ambacho neno lake "mwamuzi" halibagui mume na mke, hakiwakingi wasemaji wake na kejeli za namna hiyo.) Gray aliachishwa kazi tarehe 25 Januari, baada ya mkanda mwingine kufichuka, Keys akajiuzulu kesho yake. Lakini Massey naye aliondolewa katika mchezo wa Crewe na Bradford, eti macho ya watu yasimwelekee yeye. Aliyeamua sawasawa ndiye aliyewekwa kando.

Mnamo Januari 2022 Salima Mukansanga wa Rwanda alichezesha Zimbabwe na Guinea, mwanamke wa kwanza kuwa refa katika Kombe la Mataifa ya Afrika. Ligi Kuu ya Uingereza ilingoja hadi tarehe 23 Desemba 2023, Rebecca Welch alipopuliza kipyenga baina ya Fulham na Burnley.