Gesi ya Jokofu na Mkono wa Serikali

Unapofungua jokofu siku ya joto ukatoa chupa ya maji baridi, ewe msomaji, ni nadra kukumbuka kwamba gesi iliyomo katika mabomba ya chombo hicho imewahi kuwagombanisha wataalamu, wenye viwanda na mataifa ya dunia kwa muda wa miaka mingi. Swali walilogombania ni jepesi kulitaja na zito kulijibu: Je, serikali ina haki ya kuingia jikoni mwa raia na kumwamuru ni gesi gani ipoze chakula chake? Twende pamoja tuitazame historia ya jambo hili, kisha uamue mwenyewe.

Kwanza yafaa tujue gesi hiyo hufanya kazi gani. Bibi zetu walijua siri yake kabla ya umeme kuja. Mtungi wa udongo hutoa jasho, na jasho lile likikauka huondoka na joto la maji yaliyomo, nayo yakawa baridi. Jokofu hufuata kanuni iyo hiyo. Ndani ya mabomba yake huzunguka kitu ambacho hugeuka kutoka umajimaji kuwa mvuke, na kinapogeuka mvuke hulinyonya joto la chakula. Kisha pampu hukigandamiza mvuke huo, joto likatoka nje kwa nyuma, na mvuke ukarudi kuwa umajimaji. Kitu hicho ndicho gesi ya kupozea, nacho ndicho kiini cha habari yetu.

Majokofu ya kwanza ya nyumbani yalitumia gesi za hatari: amonia, dioksidi ya salfa na kloridi ya methili. Bomba likipasuka usiku, watu waliolala waliweza kufa bila kuamka. Mwaka 1929 watu kadhaa walikufa mjini Chicago, Marekani, kwa kloridi ya methili iliyovuja katika majumba yao. Yasimuliwa kwamba Albert Einstein na mwenzake Leo Szilard, waliposoma gazetini habari ya jamaa moja mjini Berlin walioangamizwa kwa gesi ya jokofu, walishika kalamu wakabuni jokofu lisilo na sehemu zinazosogea ili gesi isipate pa kuvujia. Jokofu lao halikupata soko, lakini laonyesha jinsi hofu ya wakati ule ilivyokuwa kubwa.

Mtu aliyeondoa hofu hiyo alikuwa mhandisi Mmarekani, Thomas Midgley. Mwaka 1928 yeye na wenzake walitengeneza gesi ya jamii iitwayo klorofluorokaboni, ambayo baadaye iliuzwa kwa jina la Freon. Gesi hiyo haikuwaka moto, wala haikuwa na sumu kali kama zile za kwanza. Mwaka 1930, mbele ya mkutano wa wanakemia, Midgley aliivuta mapafuni kisha akaipuliza juu ya mshumaa, nao ukazimika. Wote waliokuwapo waliona kwamba adui ameshindwa. Hapana budi tumtendee haki: alikusudia kuokoa maisha, na maisha mengi yaliokolewa. Nyama, maziwa na dawa za chanjo vilihifadhiwa salama katika nchi nyingi kwa sababu ya kazi yake.

Basi ubaya ulitoka wapi? Ulitoka katika sifa ile ile iliyosifiwa. Gesi hiyo haikuharibika upesi. Ilipovuja haikuunguza wala haikunuka, bali ilipanda juu polepole na kukaa angani miaka mingi. Mwaka 1974 wataalamu wawili, Mario Molina na Sherwood Rowland, walitangaza kwamba ikifika juu sana, mwanga mkali wa jua huivunja na kutoa klorini, na chembe moja ya klorini huweza kuangamiza maelfu ya chembe za ozoni. Ozoni ndiyo ngao inayotukinga na miale ya jua iletayo saratani ya ngozi na maradhi ya macho, na kudhuru mimea.

Hapo ndipo mabishano yalipoanza. Tuwasikilize kwanza waliopinga sheria, kwa kuwa hukumu ya upande mmoja si hukumu. Wao walisema: Habari hii ni hesabu za karatasi tu, na hapana aliyewahi kuiona ozoni ikipungua. Viwanda vyetu vimeajiri maelfu ya watu, na chakula cha miji mizima chategemea majokofu. Tukiiacha gesi salama kwa ajili ya dhana, tutarudi kwenye gesi zile zilizoua watu vitandani, na bei itapanda hata mnyonge ashindwe kununua. Hoja hizi hazikuwa za kipumbavu. Kampuni ya DuPont, iliyokuwa mtengenezaji mkubwa kuliko wote, ilitangaza katika magazeti mwaka 1975 kwamba ikithibitishwa kuwa gesi hiyo yadhuru, itaacha kuitengeneza.

Waliotaka sheria walijibu: Uthibitisho mnaoungoja utakuja pamoja na msiba wenyewe. Gesi iliyokwisha kupanda haiwezi kuitwa irudi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu hapana fundi awezaye kuujenga. Marekani, Kanada, Sweden na Norway zilianza na jambo jepesi: zilipiga marufuku gesi hiyo katika makopo ya manukato na dawa za kupuliza. Majokofu yaliachwa, kwa kuwa hapakuwa na kitu kingine tayari cha kutia ndani yake.

Mabishano yangaliendelea bila kikomo kama si habari ya mwaka 1985. Waingereza watatu, Joseph Farman, Brian Gardiner na Jonathan Shanklin, waliokuwa wakipima anga huko Antaktika, walionyesha kwamba kila ifikapo Oktoba ozoni ya huko ilikuwa imepungua kwa zaidi ya theluthi moja ikilinganishwa na miaka ya nyuma. Hapo haikuwa tena hesabu ya karatasi.

Katika sehemu hii ya historia, msomaji, mji wetu wa Nairobi una nafasi yake. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao makuu Nairobi, ndilo lililoyakusanya mataifa yajadiliane. Mkuu wake wakati ule alikuwa Mmisri, Mostafa Tolba, mtu mwenye subira na ulimi mkali kila kimoja kilipohitajika. Tarehe 16 Septemba 1987 mataifa yalitia sahihi Mkataba wa Montreal, yakakubali kupunguza gesi hizo kwa nusu kabla ya karne kwisha. Kenya iliuridhia mwaka 1988. Mwezi Machi wa mwaka huo, baada ya wataalamu kutoa ripoti mpya, DuPont nayo ilitangaza kwamba itaacha kutengeneza gesi hizo. Kwanza ilikuwa imewaandikia maseneta kwamba ushahidi bado hautoshi; baada ya majuma machache tu ikageuka.

Lakini palibaki swali la haki. China na India ziliuliza: Nchi tajiri zimejaza majokofu nyumbani kwao na kuiharibu anga, je, sisi ambao watu wetu wengi hawajawahi kumiliki jokofu, tulipe deni lisilo letu? Swali hilo lilistahili jibu, nalo lilijibiwa mjini London mwaka 1990. Mataifa yaliunda mfuko wa fedha wa kuzisaidia nchi zinazoendelea kubadili viwanda na kuwafundisha mafundi, nazo zikapewa muda zaidi. China iliingia mwaka 1991 na India mwaka 1992. Nchi tajiri ziliacha gesi hizo mwaka 1996, na nchi zinazoendelea mwaka 2010. Hapa Kenya kanuni za mwaka 2007 ziliamuru kwamba anayeleta gesi za namna hiyo kutoka nje awe na leseni.

Je, sheria ilishinda bila kosa? La. Viwanda vilitafuta gesi badala, vikachukua jamii iitwayo hidrofluorokaboni. Hizi haziiharibu ozoni, lakini huzuia joto la dunia lisitoke. Kilo moja ya gesi iliyotumika sana katika majokofu ilikuwa na nguvu ya kuongeza joto kupita kilo 1,000 za hewa ya ukaa. Hapo wapinzani wa sheria walipata neno: Mlituponya ugonjwa mmoja mkatutia mwingine! Neno hilo lina ukweli ndani yake. Hata hivyo dawa bora ilikuwapo. Mnamo mwaka 1993 kiwanda cha Foron, katika iliyokuwa Ujerumani ya Mashariki, kwa kushirikiana na chama cha Greenpeace, kilitoa majokofu yaliyotumia gesi za jamii moja na ile ya kupikia. Wapo waliopiga kelele kwamba ni mabomu jikoni. Lakini kiasi kitiwacho katika jokofu moja ni kidogo mno, na majokofu ya namna hiyo yakaenea Ulaya na Asia. Marekani iliyaruhusu majumbani mwaka 2011 tu, kwa kiasi kisichozidi gramu 57, na mwaka 2018 ikaongeza hadi gramu 150. Tazama, basi, kwamba sheria huweza kuzuia jema kama iwezavyo kuzuia baya.

Mwaka 2016 mataifa yalikutana Kigali, Rwanda, yakakubaliana kupunguza hidrofluorokaboni hatua kwa hatua. Hapo tena haki ilipimwa. Nchi nyingi zinazoendelea zilipewa hadi 2024 kabla ya kuanza kubanwa. Nchi chache, zikiwamo India na za joto kali kama Oman na Kuwait, zilipewa hadi 2028.

Matunda yameonekana. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walitangaza mwaka 2023 kwamba, mwendo huu ukiendelea, ozoni itarudi katika hali ya mwaka 1980 kufikia mwaka 2040 hivi sehemu nyingi za dunia, na juu ya Antaktika kufikia mwaka 2066 hivi.

Kwa maoni yangu, historia hii yatufunza mambo matatu. Serikali ina haki ya kuingia jikoni pale ambapo moshi wa jiko moja unadhuru nyumba zote, na madhara yake hayarudishiki. Lakini amri peke yake haitoshi. Anayeamuru gesi iachwe hana budi kusaidia kuleta nyingine ambayo mnyonge aweza kuimudu. Tena serikali iwe tayari kurekebisha amri yake elimu inapoongezeka, bila kuona haya.

Jambo la mwisho lakuhusu wewe. Sheria yaweza kuandikwa Montreal au Kigali, lakini huvunjwa au hutimizwa katika karakana ndogo, pale fundi anapofungua bomba la jokofu bovu. Akiiachia gesi ipeperuke, kazi ya miaka mingi yapungua kidogo. Akiikusanya katika mtungi wake, kazi hiyo yaendelea. Huenda siku moja fundi huyo akawa wewe.