Huduma ya bure ya uzazi nchini Kenya

Huduma ya bure ya uzazi ilikuwa sera iliyoanza tarehe 1 Juni 2013, serikali ya Uhuru Kenyatta ilipofuta ada ya kujifungua katika vituo vya afya vya umma nchini Kenya. Mwaka 2016 ilipewa jina la Linda Mama, kisha ikawekwa chini ya bima ya taifa ya afya, NHIF. Mwaka 2024 nafasi yake ilichukuliwa na mpango wa Linda Jamii.

Kabla ya 2013 wajawazito wengi walijifungulia nyumbani. Baadhi ya waliokwenda hospitali walizuiliwa wodini pamoja na vichanga vyao hadi deni lilipwe, jambo la aibu kubwa. Uchunguzi wa kitaifa wa 2008–09 ulikuta asilimia 43 tu ya watoto wakizaliwa kituoni. Mwaka 2014 ilikuwa 61, na mwaka 2022 ikafika 82.

Vifo vitokanavyo na uzazi havikushuka kwa kasi hiyo: makadirio yalikuwa 362 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 2014, na 355 kwa sensa ya 2019. Kufuta ada humfikisha mama mlangoni; kutokwa na damu nyingi na kifafa cha mimba hudai damu salama, dawa, chumba cha upasuaji na mkunga aliye macho hata saa nane usiku.