Mopu ya Mpwa Wangu Ilivumbuliwa 1893

Nimekuwa kimya wiki tatu na baadhi yenu mmeanza kuuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Nilikuwa nyumbani Vanga, na nikiwa nyumbani tarakilishi huwa naifunga. Safari hii nimerudi na kisa kilichonifanya nisome makaratasi ya zaidi ya miaka mia moja, kwa hiyo leo tuweke programu kando tuzungumze historia.

Kwa msioijua, Vanga ni mji wa wavuvi mwisho kabisa wa pwani ya kusini ya Kenya, katika kaunti ya Kwale. Ukisogea kidogo tu uko Tanzania. Mto Umba unaingia baharini hapo karibu, na masika yakizidi, maji ya mto na ya bahari hukutana ndani ya mji. Maji yakienda zake huacha tope, na tope likikauka huwa vumbi. Na mama yangu ana pumu.

Nilipofika nilikuta vitu viwili vipya nyumbani.

Cha kwanza kilikuwa mashine ndogo nyeupe, ukubwa wa redio, imewekwa chumbani kwa mama. Jamaa yetu mmoja aliinunua Mombasa kwa mfanyabiashara, akaambiwa inatoa ozoni, inaua viini na kuondoa vumbi lenye madhara. Kwenye boksi kuna maandishi makubwa kwamba imelindwa kwa hataza. Hataza ndiyo ile ambayo wengi wetu huiita patenti.

Cha pili alikitengeneza mpwa wangu. Ni kijana wa baiskeli na pikipiki, mikono yake haitulii. Alichukua mpini mrefu, akafunga matambara mwishoni, kisha akaweka mkono wa breki ya baiskeli juu na waya wake ukashuka hadi chini. Ukibana breki, vipande viwili vya mbao vinayakamua matambara. Bibi yake anapiga deki bila kuinama na bila kutia mikono kwenye maji machafu.

"Mjomba," akaniambia, "nataka niisajili kabla sijaibiwa. Wewe mtu wa kompyuta, niangalizie."

Nikamwambia nitaangalia. Mama naye nikamwambia ile mashine inanitia wasiwasi. Akanitazama. "Mwanangu, boksi limeandikwa imesajiliwa na serikali. Wewe unajua kuliko serikali?"

Basi nikawa na maswali mawili yenye jibu moja: hataza ni nini hasa?

Mapatano, si sifa

Hataza ni mapatano kati ya mvumbuzi na umma. Mvumbuzi anaeleza kifaa chake waziwazi, kwa michoro na maneno, kiasi kwamba fundi mwenzake akisoma anaweza kukitengeneza. Umma nao unampa muda ambao mtu mwingine haruhusiwi kukitengeneza wala kukiuza bila idhini yake. Siku hizi muda huo katika nchi nyingi, Kenya ikiwemo, ni miaka 20 tangu siku ya maombi. Ukiisha, kitu ni cha wote.

Mambo mawili watu huyasahau. Moja, hataza ina nguvu katika nchi ilikotolewa tu. Ya Marekani haimzuii fundi wa Vanga kutengeneza na kuuza Vanga. Pili, anayetoa hataza hukagua kama kitu ni kipya na kina ubunifu. Hakupi cheti kwamba kinafanya kazi vizuri, wala kwamba ni salama kwa mapafu ya mama yako.

Sisi waandishi wa programu tuna bahati ya kulielewa hili haraka. Karatasi ya hataza ni kama msimbo wa programu uliowekwa wazi, ila una kufuli ya muda. Na kufuli za zamani zote zimeshafunguka. Tangu Google ianze huduma yake ya kutafuta hataza mwaka 2006, karatasi hizo ziko kwenye mtandao, bure. Nikaanza kuchimba.

Ufagio, mopu na mwenye pumu

Fagio letu la njukuti halina hataza wala halijawahi kuwa nayo. Nani angeidai? Kila nyumba ya pwani yenye mnazi uani inajua kuchuna makuti, kutoa njukuti na kuzifunga. Hata neno "deki" tumeliokota melini, kule mabaharia walikosugua sakafu ya meli, tukalileta ndani ya nyumba.

Kwingineko vifaa vya usafi viliandikwa sana. Mwaka 1876 Melville Bissell wa Michigan, Marekani, alipata hataza ya kifagio cha mazulia chenye magurudumu na brashi inayozunguka. Tarehe 13 Juni 1893, Thomas W. Stewart, Mmarekani mweusi wa Kalamazoo, Michigan, alipewa hataza namba 499,402. Mopu! Ina kibanio cha kushika tambara ili libadilishwe, na mkono wa kubana ili kulikamua. Nilipouona mchoro wake nilicheka peke yangu usiku. Toa breki ya baiskeli, ni mopu ya mpwa wangu.

Miaka minne baadaye, Agosti 1897, Mmarekani mweusi mwingine, Lloyd P. Ray, alipata hataza ya kizoleo cha taka chenye mpini mrefu, ili mfagiaji asiiname. Tafakari kidogo. Utumwa Marekani ulikomeshwa 1865. Watu hawa waliandika vifaa vya kazi ambayo wenzao walikuwa wakiifanya kwa magoti, na majina yao yako kwenye karatasi mpaka leo.

Mwaka 1901, mwaka ambao reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu, mhandisi Hubert Cecil Booth wa London alipata hataza ya mashine ya kufyonza vumbi. Alikuwa ameona mashine inayopuliza vumbi, akajiuliza kwa nini isifyonze. Akaweka kitambaa kwenye kiti, akatia mdomo akavuta, akakohoa, lakini kitambaa kilijaa uchafu. Mashine yake ilikuwa kubwa, inavutwa na farasi, inasimama barabarani na mipira yake inapitishwa madirishani.

Aliyeileta mkononi ni James Murray Spangler, msafishaji wa duka kubwa huko Canton, Ohio. Naye alikuwa na pumu, na vumbi la kufagia lilikuwa likimmaliza. Akachukua mota ya feni, boksi la sabuni, mpini wa ufagio na foronya ya mto, akatengeneza mashine ya umeme. Akapewa hataza tarehe 2 Juni 1908. Mtaji hakuwa nao, akamuuzia haki William Hoover, na jina lililobaki midomoni mwa watu ni Hoover. Spangler alifariki 1915.

Kisa hicho nilimsomea mama kwa Kiswahili. Kile cha foronya kilimpendeza sana.

Harufu ya radi

Sasa ozoni. Mnaijua, hata kama hamjui jina. Radi ikipiga karibu, kuna harufu kali kidogo inayobaki hewani. Mashine za zamani za fotokopi nazo zilikuwa nayo. Mwaka 1839 Christian Friedrich Schönbein, mkemia wa Basel, Uswisi, aliinusa maabarani alipokuwa akipitisha umeme majini, na mwaka uliofuata akaitangaza na kuipa jina kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya kunuka.

Kazi yenyewe ni rahisi. Oksijeni tunayovuta hutembea atomu mbili mbili. Umeme mkali ukipita hewani huzitenganisha, na iliyobaki peke yake hujishikiza kwa mbili nyingine. Zikiwa tatu, ndiyo ozoni. Lakini ya tatu haitulii. Hutoka na kuunguza inachokigusa: kiini cha ugonjwa, doa, harufu mbaya. Na utando wa mapafu vilevile.

Mwaka 1857 Werner von Siemens wa Ujerumani alitengeneza mrija wa kioo wa kuzalisha ozoni, na mashine nyingi za leo bado zinafuata njia yake. Tarehe 22 Septemba 1896 Nikola Tesla alipewa hataza ya Marekani namba 568,177 ya mtambo wa ozoni: koili, kapasita, na feni ya kupitisha hewa kwenye umeme. Ozoni ilipata kazi yake ya heshima kwenye maji. Mji wa Oudshoorn, Uholanzi, uliitumia kusafisha maji 1893, na Nice, Ufaransa, ikafuata 1906. Humo inafanya kazi kwenye mitambo iliyofungwa, na maji yakifika bombani ozoni imeshatoweka.

Chumbani ni habari nyingine. Kiasi kinachotosha kuua viini hewani ni kingi kuliko kile ambacho mtu anaweza kukivuta kwa usalama, na mwenye pumu huumia kabla ya wengine. Shirika la mazingira la Marekani limekuwa likiwaonya watu kuhusu mashine hizi, na California kuanzia 2010 ilizuia kuuza mashine za kusafishia hewa zinazotoa ozoni zaidi ya sehemu 50 kwa bilioni. Ozoni nzuri ni ile ya juu angani inayotukinga na jua. Ofisi inayosimamia mikataba ya kuilinda, wa Vienna wa 1985 na wa Montreal wa 1987, iko Nairobi. Hii ya chini si ya kuwekwa kando ya kitanda.

Na sisi je?

Nikajiuliza: kama baba ya mpwa wangu angetengeneza mopu hii mwaka 1980, angeipeleka wapi?

Jibu lilinikera. Kenya ilipata uhuru 1963, lakini sheria ya hataza tuliyorithi ilikuwa ya kusajili tu. Kilichoweza kusajiliwa Kenya ni hataza iliyokwisha kutolewa Uingereza. Yaani mtu wa Vanga alitakiwa kwanza afike London kwa makaratasi, kisha arudi. Hali hiyo ilidumu hadi sheria ya mali ya viwanda ya 1989, na ofisi yetu wenyewe ikaanza kazi 1990. Sheria ya 2001 ndiyo iliyoleta KIPI, taasisi ya sasa iliyoko Nairobi.

Wengine hawakutungoja. Kwenye maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa kuna vijidudu vinavyoishi ndani ya maji makali ambayo kwako yangechubua ngozi. Wanasayansi walichukua sampuli, na kampuni ya Marekani ya Genencor ikapata hataza za vimeng'enya vilivyotokana navyo, vinavyofaa kwa sabuni za kufulia na kwa kufifisha rangi ya jinzi. Mwaka 2004 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya, KWS, lilisimama likadai nchi ipate fungu lake. Kampuni ikasema sampuli zilichukuliwa kwa kibali. Baadaye, 2007, KWS iliandikiana mkataba na kampuni nyingine, Novozymes ya Denmark, mara hii masharti yakiwa mezani tangu mwanzo. Maji ni yetu, vijidudu ni vyetu, lakini karatasi iliandikwa na aliyejua kuandika.

Nilivyowajibu

Mpwa wangu nilimwonyesha mchoro wa Stewart kwenye simu. Akanyamaza. Uso ukamwanguka kama mtu aliyeambiwa samaki wake amekwishauzwa. Nikamwambia asikate tamaa, asikilize. Hataza za Marekani wakati ule zilidumu miaka 17. Ya Stewart ilikwisha 1910. Kwa hiyo wazo la mopu inayojikamua ni lako, ni langu, ni la kila mtu. Tengeneza, uza Lunga Lunga, uza Msambweni, uza Ukunda, hakuna wa kukushika kwa wazo hilo.

Halafu kuna lile ambalo Stewart hakuwa nalo: breki ya baiskeli na namna anavyoupitisha waya. Sheria yetu ina cheti ambacho ni mdogo wake hataza. Hudumu miaka 10, kinataka kitu kiwe kipya na chenye manufaa, na hakidai ubunifu mkubwa. Nikamwambia achore, aandike tarehe, aache kuwaonyesha watu ule waya, na tutafute kwanza kama kuna aliyemtangulia popote duniani. Tukifika hapo ndipo tuzungumze na KIPI. Kama tungejaza fomu siku ile ile, ada ingelipwa kwa ajili ya mopu ya 1893.

Mama ilikuwa kazi ngumu zaidi, maana mashine ilinunuliwa kwa pesa na kwa mapenzi. Sikumwambia ndiyo iliyokuwa ikimkohoza usiku. Mimi si daktari, na daktari wake tumemweleza. Nilimwambia tu kwamba hataza inasema nani alianza, haisemi kama kitu ni kizuri. Akafikiri. Akauliza, "Hata fagio langu basi halijasajiliwa, na linafagia?" Nikasema ndiyo mama. Akaichomoa mwenyewe.

Sasa sakafu inapigwa deki asubuhi kabla vumbi halijaamka, kwa mopu ya breki. Kabla sijaondoka majirani wawili walikuwa wameshaagiza za kwao, na mpwa wangu amenunua daftari. Ukurasa wa kwanza ameandika tarehe, akachora waya.

Niishie hapo kwa leo. Wiki ijayo tunarudi kwenye hifadhidata, inshallah.