Michoro ya Kolo: Ukungu Unaoficha na Ukungu Unaofuta

Kwenye kuta za mapango ya Kolo, kaskazini mwa mji wa Kondoa, wamo watu warefu wembamba, twiga, tembo na pofu waliochorwa kwa ngeu. Wachoraji walikuwa wawindaji wa kale, ambao watafiti wengi wanawahusisha na mababu wa Wasandawe na Wahadza. Wakulima waliofika baadaye wakaongeza michoro yao minene ya rangi nyeupe. UNESCO iliyatambua maeneo haya kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2006, kilomita za mraba 2,336 zenye mapango yanayokadiriwa kuwa kati ya 150 na 450. Sehemu kubwa ya michoro hiyo imefifia kwa jua, maji na vumbi, na Watanzania wengi wataiona kwenye kioo cha simu tu. Kwa hiyo namna tunavyoishughulikia picha isiyoonekana vizuri ni suala la historia yetu, wala si la mafundi peke yao. Upo ukungu unaoficha na upo ukungu unaofuta. Machoni vinafanana, lakini kilichofichwa kinaweza kurudishwa, ilhali kilichofutwa kinaweza kukisiwa tu, na karibu karne nzima ya kunakili michoro ya Kondoa inaonyesha gharama ya kuvichanganya.

Taarifa za michoro hii zilichapishwa kwa Kiingereza mwaka 1929, na wanaakiolojia Louis na Mary Leakey wakaitazama mwaka 1935. Mwaka 1951 Mary alirudi na kukaa miezi kadhaa, akibandika karatasi angavu ukutani na kufuata kila mstari kwa mkono, hadi akapata nakala za sura zipatazo 1,600. Kitabu chake kilitoka mwaka 1983, na jina lake linaitaja sanaa hii kuwa inatoweka. Ile ilikuwa kazi ya uvumilivu mkubwa, na bado ninaiheshimu. Hata hivyo, mkono unaofuata mstari uliofifia hulazimika kuamua mstari unaishia wapi. Katika mchoro mmoja mashuhuri wa Kolo, watu wamesimama sambamba, na wa katikati anaonekana ameshikwa mikono pande zote mbili. Mary Leakey aliuona kuwa utekaji. Wengine, wakiangalia mila za Wasandawe, wameuhusisha na simbo, ngoma yao ya uganga. Tofauti kati ya uhalifu na tiba inategemea vitu vidogo kama umbo la kichwa na mkao wa mkono, na hivyo ndivyo vinavyofifia kwanza.

Kabla ya kamera za dijitali, wapiga picha wa michoro ya miambani sehemu nyingi duniani walikuwa na dawa ya haraka: kuulowesha mwamba. Rangi huiva kwa dakika chache, picha hutoka safi, na maji huondoka na chembe za rangi au huacha chumvi juu yake. Kila picha nzuri ililipwa na ukuta. Mwaka 2005 Mmarekani Jon Harman alitoa programu ya DStretch, kwa kutumia hesabu iliyokuwa ikitumika kwenye picha za setilaiti. Kamera hupima wekundu, ukijani na ubuluu wa kila pikseli, na juu ya mwamba mkuukuu vipimo hivyo vitatu hupanda na kushuka pamoja, ndiyo maana jicho linaona kahawia tupu. Programu huvitenganisha, huitanua tofauti ndogo iliyobaki, kisha huirudisha kwa rangi kali zisizo za kweli. Mguu wa pofu ambao haukuonekana unajitokeza kwa wekundu unaowaka. Hakuna kilichoongezwa, kwa sababu tofauti ile ilikuwamo tayari ndani ya picha, imefunikwa.

Ukungu wa lenzi au wa mkono uliotikisika ni jambo jingine. Hapo nuru ya nukta moja imemwagika juu ya jirani zake, na mtu akijua imemwagika kwa umbo gani, anaweza kukokotoa kurudi nyuma. Darubini ya Hubble ilipaa mwaka 1990 ikiwa na kioo kilichosagwa vibaya kwa takriban sehemu mbili kati ya elfu moja za milimita ukingoni. Umbo la kosa lilijulikana, na wanaastronomia walisafisha picha zake kwa hesabu hadi ilipotengenezwa Desemba 1993. Lakini hesabu hiyo hukuza pia chengachenga, na alama zilizozama kabisa ndani yake hazirudi. Kitufe cha kunoa picha kwenye simu hakifanyi hata hivyo: huzidisha tu weusi na weupe kwenye kingo. Picha iliyobanwa ili itumwe haraka, ikivutwa kwenye skrini kubwa, imeshapoteza pikseli zake.

Watasema akili bandia imeondoa mpaka huo, kwa kuwa inajaza pengo bila shida. Inajaza kwa kile ilichozoea kuona. Mwaka 2020 programu ya PULSE, iliyoundwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, ilipewa picha ya Barack Obama yenye pikseli chache ikatoa uso wa mzungu, mkali na safi. Akili bandia ya namna hiyo ikipewa ukuta wa Kolo, inaweza kuchora kidole ambacho hakuna mchoraji wa kale aliyekichora. Pingamizi zito zaidi ni kwamba Leakey naye alikisia. Ni kweli, ila makisio yake yanaweza kupelekwa mbele ya mwamba na kupimwa, na hesabu ya DStretch, kwa picha ileile na mpangilio uleule, itatoa jibu lilelile kwa yeyote. Kidole cha kubuniwa hakina njia ya kukifuatilia kurudi ukutani, na ukuta wenyewe unazidi kufifia.

Si kuta zote zimefifia kiasi hicho. Mwaka 2021 jarida la Antiquity lilichapisha makala ya Maciej Grzelczyk kuhusu pango la Amak'hee 4, katika pori la akiba la Swaga Swaga, Dodoma. Miongoni mwa michoro yake myekundu kuna sura tatu ambazo vichwa vyao vinakumbusha pembe za nyati. Mwamba uliojitokeza juu yake umeikinga na maji na jua kali, na sura hizo bado zinasomeka kwa macho matupu.